Vivuli Viwili vya Damu Moja

Doa la kwanza halikumshtua Tusekile. Katika miaka kumi na mmoja ya kutunza chumba cha vioo pale kituo cha afya cha Lupando, alikwisha kuona madoa ya kila namna, na alikuwa na mazoea ya kuyasalimia kimoyomoyo kama mtu anayemsalimia mgeni asiyempenda. Lililomshtua ni la pili. Lilikuwa kwenye kioo kingine, chenye jina lingine, na lilikuwa doa lile lile.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, akaivaa tena. Kioo namba thelathini na moja, Subilaga Mwambene. Kioo namba thelathini na nne, Bupe Mwakatundu. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na kivuli cha kondo la nyuma, kipande cha nyama hai kisichozidi punje ya haragwe, kilichooteshwa kutokana na chembe za kondo zilizokutwa zikielea kwenye damu ya mama wakati mimba ikiwa changa. Kila Jumatatu kivuli hudondoshewa tone jipya la damu ya mama yule yule, nacho huishi haraka kuliko kondo lenyewe. Litakalolipata kondo tumboni baada ya siku tisa, kivuli hulionyesha leo.

Kivuli kizima huwa chekundu mpaka pembeni, kwa sababu mizizi yake imeingia kwenye vijishipa vya kioo na kuvitanua, damu ikapita bila kubanwa. Kivuli kinachoumwa, vijishipa vyake hubaki vyembamba. Kinakosa damu, kinafifia, na sehemu yenye njaa zaidi inakufa na kuwa nyeupe. Kondo likifika hapo tumboni huanza kumwaga sumu kwenye damu ya mama, na sumu hiyo ndiyo inayompandisha presha, ikamharibia figo, ikamnyima mtoto chakula, na asipowahiwa ikamwangusha kwa kifafa cha mimba. Pamoja na maarifa yote ya siku hizi, dawa ya kweli ilibaki moja tu, kulitoa kondo. Na kondo halitoki peke yake.

Madoa yote mawili yalikuwa chini upande wa kushoto, na yote yalikuwa na umbo la kwato ya mbuzi. Tusekile alikuwa ameangalia vivuli zaidi ya elfu mbili, na hakuwahi kuona viwili vinavyofanana. Hata vya mapacha havifanani. Alisimama pale mpaka chai yake ikapoa, huku akijua kabisa anachokiona na akitamani awe amekosea.

Vioo viwili. Mwanamke mmoja.

Mizani, mtambo uliogawa vitanda na ndege kwa mkoa mzima, haukuwa na habari hiyo. Wenyewe haukuangalia umbo la doa, ulipima ukubwa tu. Kwenye ukuta ilikwisha kujitokeza amri yake ya asubuhi. Subilaga Mwambene, wiki thelathini, siku tisa, ndege ya leo saa sita mchana. Bupe Mwakatundu, wiki thelathini na moja, siku tisa, ndege ya Alhamisi. Ndege ilikuwa na kitanda kimoja na haikuwa na rubani wa kubembelezwa.

Kwa hiyo mmoja wa wanawake hawa angepasuliwa kwa ugonjwa wa mwenzake, na mtoto wake angetolewa kabla ya wakati bila sababu. Au pengine sababu ilikuwapo, ila hakuna aliyeijua, maana kondo la huyo halikuwa limetazamwa hata siku moja. Hilo la pili ndilo lililomwogofya zaidi.

Akawapigia simu wote wawili waje mara moja.

*

Walikuja pamoja, mtu na wifi yake. Bupe ameolewa na kaka yake Subilaga, na nyumba zao zinatazamana, zimetenganishwa na migomba sita na kamba ya kuanikia nguo. Subilaga alitangulia, mrefu, mchangamfu, anatembea na tumbo lake kama ameliazima kwa siku moja. Bupe alimfuata polepole. Uso wake ulikuwa umejaa, na viatu vyake alikuwa amevikanyaga visigino kwa sababu havikumwingia.

"Shikamoo, sista," walisema.

"Marahaba. Kaeni." Tusekile hakuzunguka. "Nani kati yenu anachoma kidole siku za Jumatatu?"

"Kila mtu chake, sista," alisema Subilaga.

"Usinichezee, Subilaga. Nilikuzalisha yule wa kwanza. Sura yako ya uongo naijua, unainua nyusi."

Nyusi zikashuka. Bupe akaangalia sakafu, kisha ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyekwisha kuchoka kuficha. Mimba mbili zilimtoka. Ya pili ilimtoka wiki moja baada ya kutoa damu hapa hapa kituoni, na mama yake alimwambia waziwazi kwamba damu ya mimba changa haitolewi nje ya nyumba, sawa na nywele, sawa na kucha, mpaka tumbo lijioneshe lenyewe. Jambo hilo Tusekile alilijua. Nusu ya wanawake wa Lupando waliliamini, na nusu nyingine walilifuata bila kuliamini. Ndiyo maana serikali iliamua kadi za damu zijazwe nyumbani na kuletwa kituoni ndani ya bahasha, ili mtu asionekane. Walioamua hivyo walikuwa watu wema wa mjini. Walidhani aibu ni ya kuonekana, kumbe hofu ni ya damu yenyewe.

"Mimi ndiye niliyemwandikisha," alisema Subilaga. "Bila kadi asingepata kitanda, sista, na hali yake unaijua. Nikasema, nitachoma changu mara mbili. Tumbo lake likionekana, aanze kutoa ya kwake."

"Na lilipoonekana?"

"Tukaambiwa kivuli hakikubali damu ya mtu mwingine. Tungegundulika." Aliminya vidole vyake vya mkono wa kushoto, ambavyo ncha zake zilikuwa ngumu kwa kuchomwa. "Nikaendelea. Wiki ishirini, Jumatatu zote, vidole viwili."

Tusekile alitaka kukasirika na akashindwa. Alimgeukia Bupe. "Kichwa?"

"Kinaniuma tangu Jumamosi. Nikiinuka naona vimulimuli. Na hapa, chini ya mbavu za kulia, kama kuna mtu ananikanyaga."

"Na hukusema?"

"Ujumbe wa kioo ulikuja Jumapili, ukasema niko salama."

"Kioo chako si chako, mwanangu."

Ukutani, karibu na kalenda, kilining'inia kipimo cha zamani cha presha, cha kupampu kwa mkono. Tusekile alikuwa akikitumia kuwachekesha wanafunzi wa uuguzi waliokuja kutembea. Alikitungua, akampumzisha Bupe dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, akamfunga mkono, akavaa stetoskopu masikioni. Hakuwa amesikiliza mkono wa mtu kwa muda mrefu. Mapigo yalianza juu kuliko alikotegemea, akashusha hewa, akapandisha tena ili ahakikishe.

Mia moja sabini na mbili kwa mia moja kumi na nne.

Akamtuma chooni na kikopo. Mkojo akautia kwenye bomba la kioo, akatia matone ya siki, akaushika juu ya moto wa taa ya spiriti kama alivyofundishwa na mkunga aliyekwisha kustaafu kabla vivuli havijabuniwa. Ulipochemka uliganda kama ute wa yai. Wa Subilaga ulibaki maji matupu, na presha yake ilikuwa mia moja ishirini na sita kwa themanini. Yake ingekuja, siku yoyote ndani ya hizo tisa. Kioo kilikwisha kusema. Lakini ya Bupe haikuwa na siku tisa, na pengine haikuwa na saa tisa.

Alimchoma Bupe magnesiamu, matako yote mawili, na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Mikono yake ilifanya kazi vizuri. Kisha akabonyeza kitufe cha dharura, na Mizani ikajibu kabla hajaondoa kidole. Kivuli cha mgonjwa kinaonyesha siku tisa. Dharura haina ushahidi.

"Mpe nafasi yangu," alisema Subilaga. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote akisikiliza. "Hii ya saa sita. Aende kwa jina langu, mimi niende Alhamisi kwa lake. Nani atajua? Huko wataona tumbo na presha, watafanya kazi yao."

Ilikuwa saa tano na nusu. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia juu ya mashamba ya chai, na ndege ingetua bila tatizo. Tusekile aliyapima maneno hayo na hakuona mahali pa kuyashika ayaangushe. Alifungua mkanda wa mkononi wa Subilaga, wenye jina lake na faili lake lote ndani, akamfunga Bupe, na wa Bupe akamfunga Subilaga. Lilikuwa kosa lile lile walilolifanya wao, safari hii kwa mikono ya mtu aliyesomea.

*

Bupe alikuwa amekwisha kulazwa ndani ya ndege, mikanda imefungwa, pale Tusekile alipomuuliza swali la kumtuliza tu. "Mimba ya pili ilipokutoka, walikuongezea damu?"

"Chupa mbili. Walihangaika kuipata, maana ilibidi iwe O kama yangu."

Tusekile aliweka mkono kwenye mlango wa ndege ili usifunge.

Kwenye faili la Subilaga aliandikwa B. Na faili la Bupe, ambalo Tusekile alilisoma asubuhi ile ile bila kuliwazia, liliandikwa B pia, kwa sababu kila tone lililowahi kuingia humo lilitoka kidole kimoja. Siku hizi mkoani hawakuwa wakipima wenyewe kundi la damu la mgonjwa. Damu ilichaguliwa na Mizani kutoka kwenye faili na ilining'inizwa kabla ndege haijatua. Kondo linaloumwa hivi hupenda kubanduka kabla ya mtoto kutoka, na likibanduka mama humwaga damu. Wangemwongezea Bupe damu ya B, inayoweza kumuua mwenye O, kwa jina la Subilaga. Wangemwongezea B hata kwa jina lake mwenyewe. Hakukuwa na jina ambalo Bupe angelitumia akabaki salama.

Ukweli ulipaswa kusemwa, na ukweli ulikuwa na kanuni yake. Ikijulikana damu ya mtu mmoja imeingia kwenye kadi mbili, kadi zote mbili hufungwa na vivuli humwagwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuapa kipi ni cha nani. Mwenye kadi iliyofungwa hapewi ndege wala kitanda mpaka aoteshe kivuli kipya. Kivuli kipya huchukua siku ishirini.

Alirudi hadi kwa Subilaga, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje na kitenge cha wifi yake mapajani. Akamweleza. Hakumficha kitu. Ndani yake alijua kwamba alikwisha kuamua, na kwamba alichokitafuta pale kwenye benchi ni mtu wa kumsaidia kuubeba mzigo, jambo ambalo muuguzi hapaswi kumwomba mgonjwa. Lakini aliliomba.

"Kioo changu kimenipa siku tisa," alisema Subilaga.

"Tisa."

"Na kipya ni ishirini."

"Ndiyo."

Subilaga alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. Mtoto alikuwa akicheza, nguo iliinuka na kushuka juu ya kitovu. "Yeye kapoteza wawili, sista. Mimi ninaye mmoja nyumbani anayeniita mama." Akaweka kiganja juu ya tumbo. "Naogopa sana. Usidhani siogopi. Sema."

Tusekile alisema. Alirudisha kila mkanda kwa mwenyewe, akawasha redio ya ndege, akamtafuta binadamu, na baada ya kuhamishwa mara tatu alimpata daktari wa zamu wa hospitali ya mkoa, mwanamke mwenye mafua. Alimpa jina la kweli, presha ya kweli, mkojo ulioganda, na kundi la damu kutoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.

"Umepima kwa mkono?" aliuliza daktari.

"Kwa mkono, daktari. Mara mbili."

"Mlete. Damu nitaipima mwenyewe kitandani. Lakini unajua lazima niziripoti kadi."

"Najua."

Ndege ilipaa. Kabla haijafika juu ya mlima, ukutani majina mawili yaligeuka kijivu, na amri ya kumwaga vivuli ikatokea chini yake. Tusekile aliingia chumba cha vioo, akamimina dawa ya kuua vijidudu juu ya namba thelathini na moja, kisha juu ya thelathini na nne. Lile doa la kwato lilikuwa limekua tangu asubuhi. Aliyamwaga macho pekee yaliyokuwa yakimtazama Subilaga kwa ndani, na alifanya hivyo kwa utaratibu, akatia sahihi.

*

Palibaki mlango mmoja. Waraka wa zamani, wa kabla ya vivuli, haukuwahi kufutwa. Ulisema mjamzito mwenye presha ya mia moja arobaini kwa tisini, iliyopimwa kwa mkono, na mkojo wenye protini, apokelewe kwenye geti la dharura bila kuulizwa kadi. Tusekile aliutoa kwenye jalada, akaupuliza vumbi. Subilaga hakuwa na presha hiyo. Bado.

Angeweza kumrudisha nyumbani akasubiri augue vya kutosha, mwendo wa saa nne kutoka kwenye kisu cha daktari. Alimkabidhi mfamasia funguo za kituo, akaweka kipimo, taa ya spiriti, chupa ya siki na sindano kwenye mfuko wa sokoni, na saa saba wakapanda lori la maparachichi liendalo mjini. Dereva, mzee Kajela, aliwapa kiti cha mbele chote na yeye mwenyewe akaegemea mlango.

Kila lori liliposimama kupakia, Tusekile alimpumzisha Subilaga dakika tano na kumpima. Kituo cha kwanza, mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne. Cha pili, vilevile. Subilaga aliuliza namba kila mara, na kila mara Tusekile alimwambia, akaiandika kwenye daftari la shule alilolinunua njiani.

Simu ya daktari mwenye mafua iliwakuta wakisubiri sehemu yenye matope. Bupe alikuwa hai. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia tatu, anapumua kwa msaada. Kondo lilikuwa dogo kama sahani ya kikombe, lina mabaka yaliyokufa, na nyuma yake damu imeganda bonge zima. Lilikuwa limeanza kubanduka. "Tumemwekea chupa tatu," alisema daktari. "O."

Subilaga alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. "Nimepata mtoto wa wifi," alimwambia mzee Kajela. Baadaye kidogo akamuuliza Tusekile, "Na mimi, ngapi sasa?"

Mia moja thelathini na nane kwa themanini na nane.

Tusekile aliishika kalamu. Pungufu mbili huku, pungufu mbili kule. Nani angeusikiliza tena mkono huu baada yake, nani angebisha? Aliona jinsi tarakimu ingeandikwa, arobaini safi, na geti likifunguka. Kisha akakumbuka alivyomfunga Bupe ule mkanda, kwa nia njema kabisa. Akaandika alichosikia. Na alipokwisha kuandika akajikuta anaomba kimoyomoyo, yeye mkunga wa miaka ishirini na sita, kwamba presha ya mjamzito huyu ipande. Ipande kidogo tu, ipande kabla ya getini. Alijaribu kuomba kitu kingine na hakikuja.

Walifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Mlinzi wa geti la dharura alikuwa kijana mpole mwenye kompyuta ya mkononi. Aliupitisha mkono wa Subilaga kwenye kisomeo, kikaonyesha kijivu.

"Huyu kadi yake imefungwa, mama. Siwezi."

"Ninao waraka," alisema Tusekile, akampa. "Soma huku nampima."

Alimkalisha Subilaga kwenye ukingo wa saruji, mgongo ukutani, miguu chini, dakika tano kwa saa. Mlinzi alisoma waraka mara mbili akitembeza midomo. Magari ya wagonjwa yaliingia na kutoka. Subilaga alikuwa amefumba macho.

"Kichwa kimeanza," alisema.

Tusekile alipampu. Akashusha hewa polepole, akisikiliza. Pigo la kwanza lilimjia mapema, akabana pumzi ili asikose la mwisho. Akapima tena. Akamwinua, akampeleka choo cha wageni, akarudi na kikopo, akawasha taa yake ya spiriti pale pale kwenye ukingo wa saruji mbele ya mlinzi. Mkojo ulichemka, na kwa juu pakajitanda wingu jeupe.

"Mia moja arobaini na nne kwa tisini na mbili," alisema, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile anayoitumia kuwaambia watu wamepata mtoto. Alikuwa anatabasamu. Alilihisi tabasamu usoni na hakuweza kulizuia.

Mlinzi aliangalia bomba, akaangalia waraka, akafungua geti.

"Imepanda, sista?" aliuliza Subilaga.

"Imepanda."

"Ndaga," alisema Subilaga, shukrani ya kwao, akamshika mkono kwa nguvu. Tusekile aliitikia huku akiangalia pembeni, kwa kuwa hakujua anashukuriwa nini, na machozi yalikwisha kumfika.